Kadi ya mchango wa harusi imeishinda README yangu

Mhasibu wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi una urefu, chukueni maji.

Nina mradi wa programu huria ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini za wachelewaji, gawio la mwisho wa mzunguko. Niliuanza baada ya daftari la kikundi cha mama mdogo kulowa mvua za masika, wanakikundi wakakaribia kushikana mashati kuhusu nani anadaiwa nini. Msimbo uko wazi GitHub, ule mtandao wa kuhifadhia na kushirikiana msimbo, leseni ipo, anayetaka kurekebisha arekebishe. Huu mwaka wa tatu. Wachangiaji wawili: mimi, na mimi tena siku niliyosahau kutoka kwenye akaunti ya ofisini.

Muda wote huo nalaumu vijana. Hawataki kujitolea, ukiwaita wanauliza posho ipo? Kumbe tatizo liko mlangoni kwangu.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, yuko chuo mwaka wa pili, kaja kula kwangu na laptopu yake mgongoni. Tulipomaliza nikamwambia, mjomba wako ana mradi, hebu uwashe kwa kufuata README, lile faili la maelekezo ya mwanzo. Mimi nakaa hapa na sisemi kitu. Nikachukua daftari na kalamu. Wakuu, kukaa kimya karibu na mtu anayehangaika na kitu ulichokitengeneza wewe ni adhabu. Mke wangu alipita mara mbili akaniuliza kama naumwa.

Dakika ya pili kasoma mstari wa kwanza, "Mfumo huu unatumia Django na PostgreSQL," akaniangalia. Anauliza, "Kwani unafanya nini?" Nikachungulia. Neno kikoba halimo kwenye README nzima. Nimetaja vyuma vyote vilivyotumika kujenga nyumba, nikasahau kusema ni nyumba.

Dakika ya sita amri ya kuwasha mazingira ya Python, `source venv/bin/activate`. Yeye anatumia Windows, ambako njia yake ni `venv\Scripts\activate`. Mimi niko Linux tangu chuo, nimesahau kuwa kuna dunia nyingine. Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikamfokea kwa maandishi mekundu. Sasa sikilizeni alichosema. Hakusema maelekezo yamekosewa. Alisema, "Mjomba, nadhani mimi bado sijafika level hiyo."

Hapo ndipo niliona aibu. Kwa miaka mitatu watu wangapi wamefunga ule ukurasa wakiondoka na wazo hilohilo kichwani, na mimi huku nasema hawataki kujitolea?

Dakika ya kumi na nne, hatua ya tatu: "Sanidi hifadhidata kama kawaida." Kama kawaida ya nani? Niliandika mimi, kwa vidole vyangu.

Baada ya hapo ikaja hatua ya kupakua vifaa vya Docker, inayoendesha programu ndani ya kasha lake, bando lake la wiki likakata katikati. Nikampa waifai yangu, nikaandika kwenye daftari: hakuna sehemu niliyosema itapakua kiasi gani.

Saa moja na ushee ikawaka. Ukurasa mweupe, neno "Ingia" kona ya juu. Akaniuliza, "Imewaka au imekufa?" Swali la haki kabisa. Sikuandika popote anatakiwa aone nini.

Usiku huohuo ikaingia kadi ya mchango kwenye simu, mtoto wa jirani anaoa. Nimezoea kuzifungua kwa hofu, safari hii nikaisoma kama fundi. Nani anamuoa nani. Lini, ukumbi gani. Single kiasi gani, double kiasi gani. Mwisho wa kupokea michango tarehe fulani. Tuma kwenye namba hii, JINA LITAKALOTOKEA ni hili. Ukikwama mpigie mweka hazina. Sijawahi kuona mtu Dar hii aliyeshindwa kuchangia harusi kwa kutoelewa maelekezo. Kukosa hela ni habari nyingine.

Hilo la jina ndilo limeninyima usingizi. Kabla hujathibitisha, unalinganisha jina lililokuja na lililoandikwa kwenye kadi. Unajua uko njia sahihi hata kabla hela haijaondoka. README yangu inakutuma hatua saba bila kukupa jina hata moja la kulinganisha.

Wenye miradi, nyie mnaandikaje? Tieni neno.

---

Siti ya Dirishani

Naweka kambi. Hiyo ya mchangiaji wa pili kuwa ni wewe nimecheka ndani ya mwendokasi mpaka mama wa pembeni kahamisha mkoba.

---

Mzee wa Terminali

Mleta mada, kwa heshima, unawadekeza. Mtu asiyejua kuwasha mazingira ya Python bado hajawa tayari kuchangia mradi wa Python. Sisi tulijifunza kwenye maabara ya chuo, kompyuta moja watu watatu, hakuna wa kutubembeleza. Tulisoma msimbo, tukaelewa. Maelekezo ya mradi siyo darasa. Ukianza kueleza terminali ni nini, kesho utaeleza kibodi ni nini.

---

Binti wa Ubungo

Shikamoo Mzee wa Terminali.

Naandika Django mwaka wa pili sasa na ninalipwa kwa kazi hiyo. Natumia Windows kwa sababu laptopu niliyoimudu Kariakoo ilikuja nayo, na kazini ndiyo hivyohivyo. Ningefungua README ya mleta mada ningekwama palepale alipokwama mpwa. Kutotumia Linux na kutojua kuprogramu ni vitu viwili.

Halafu kuna jambo mleta mada hajaligusa. Mwaka juzi nilituma PR, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yangu, kwenye mradi mmoja, sitautaja. Maelekezo yao yalikuwa safi, hadi michoro. Nilifuata kila mstari, nikaandika na majaribio yake. Kimya. Wiki, mwezi, miezi minne. Siku moja nikapata ujumbe, nikafungua kwa furaha, kumbe ni roboti: ombi lako limefungwa kwa kukaa muda mrefu bila shughuli. Shughuli ya nani sasa? Mimi nilishamaliza ya kwangu.

Kwa hiyo kwenye hiyo kadi yako ongeza: nani anapokea, na anajibu baada ya siku ngapi. Hata kama ni wiki tatu, andika wiki tatu. Mtu anayesubiri bila kujua anasubiri mpaka lini ndiye anayekata tamaa.

---

Mzee wa Terminali

Marahaba binti. Hilo la kukaliwa kimya miezi minne siwezi kulitetea.

---

Kijana wa Kijitonyama

Mleta mada usijione uko peke yako. Mwaka 2017 GitHub walifanya utafiti wa miradi huria, watu 5,500 waliochaguliwa bila mpangilio kutoka miradi zaidi ya 3,800. Asilimia 93 walisema wamekutana na nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati. Humohumo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra au hawajawahi kabisa kuchangia nyaraka. Kila mtu anaona shimo barabarani, kila mtu analikwepa. Na karibu robo ya watu walisema Kiingereza chao cha kusoma na kuandika hakijafikia "vizuri sana". Ukiandika sentensi ndefu zenye mbwembwe, robo ya wageni umewaacha nje.

Mzee wa Terminali ana hoja moja ambayo msiitupe: maelekezo na darasa siyo kitu kimoja. Kuna mtu anaitwa Daniele Procida ana mpangilio wake, Diátaxis, anagawa nyaraka mafungu manne: somo la kumshika mtu mkono, maelekezo ya kufanya kazi fulani, marejeo ya kuangalia haraka, na maelezo ya kwa nini mambo yako hivi. Sisi wengi tunayachanganya yote kwenye faili moja. Mgeni anataka kushikwa mkono, anakutana na jedwali la vigezo 40. Mzoefu anataka kigezo kimoja, anakutana na hadithi ya mradi ulivyoanza.

Angalieni Django yenyewe wanavyofanya. Wana somo zima la mchango wa kwanza. Mfano wao ni wa kutunga, unaongeza kazi (function) inayoitwa `make_toast()` ambayo inarudisha neno "toast" basi. Haina faida yoyote duniani. Ila ukimaliza umeshapakua msimbo, umeendesha majaribio yote, umeandika jaribio lako, umetengeneza mabadiliko na kuyakagua. Mwili umeshazoea njia, kilichobaki ni kubeba mzigo wa kweli.

---

Mchora Ramani

Nipite na la kwangu, halihusu msimbo sana.

Mwaka 2015 Ramani Huria ilipoanza hapa Dar, kuchora mitaa na mitaro kwa ajili ya mafuriko, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulikuwa tunaingia mitaani na wakazi wenyewe. Ramani zinaingia OpenStreetMap, kitu huria kabisa, mtu yeyote duniani anaweza kuhariri. Sasa fikiria unamkuta mama wa Tandale unamwambia achangie mradi huria. Ukianza na akaunti, GPS, lebo za data, umempoteza.

Tulichofanya tunamuonyesha karatasi yenye ramani ya mtaa wake. Anaiangalia, anasema, "Hapa mmekosea, huu mtaro haufiki barabarani, unaishia nyuma ya nyumba ya fulani, ndiyo maana mvua ikinyesha maji yanarudi." Kwisha. Ameshachangia. Kitu hicho hakuna setilaiti inayokijua. Kifaa tutamfundisha baadaye akitaka, na wapo waliotaka.

Ninachomwambia mleta mada: programu yako ni ya vikoba. Mweka hazina wa kikoba anajua mambo ambayo wewe hujui. Kwenye ukurasa wako wa kuchangia kuna mlango wake? Au umeandika kwa ajili ya developa tu?

---

Mhasibu wa Tabata

Mchora Ramani umenipiga pabaya. Mama mdogo ameniambia zaidi ya mara tatu kwamba faini ya kuchelewa haihesabiwi kwa mtu aliyefiwa. Nimemjibu "sawa mama" kila mara. Haijaandikwa popote. Ile ilikuwa ishu kamili, yaani taarifa ya tatizo, imeletwa na mtumiaji mwenyewe, na mimi nimeila pamoja na maandazi yake.

---

Mwalimu wa Mbagala

Swali la uchokozi: maelekezo ni Kiswahili au Kiingereza?

Wengine humu ni watoto, hamkumbuki. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, kwa programu huria. Kwa hiyo kisingizio kwamba lugha yetu haibebi mambo haya kimekufa miaka zaidi ya 20 iliyopita.

---

Kijana wa Kijitonyama

Mwalimu, lugha inabeba. Swali ni nani atatunza nakala mbili. Nimeona mradi wenye maelekezo kwa lugha mbili, ya Kiingereza yanasema toleo la tatu, ya Kiswahili bado yako toleo la kwanza. Mgeni anayesoma Kiswahili ndiye anayeumia, na ndiye uliyetaka kumsaidia.

---

Mwalimu wa Mbagala

Basi iwe moja, na iwe Kiswahili, maana watumiaji wake ni vikoba vyetu. Ila amri na ujumbe wa makosa uachwe vilevile ulivyo, usitafsiriwe. Kwa sababu mtu akikwama ataunakili akautafute mtandaoni, na ukiwa umeutafsiri hatapata kitu. Nilimfundisha kijana mmoja kwa maelezo yenye makosa yaliyotafsiriwa, akatafuta siku mbili. Kosa lilikuwa langu.

Na tarehe iandikwe juu kabisa: hatua hizi zimejaribiwa lini, na kwenye mashine gani.

---

Mlinzi wa Lango

Mimi natunza maktaba moja ndogo, watu wanaitumia kiasi. Nije na upande wa pili kabla hamjafungua milango yote.

Mnakumbuka Hacktoberfest, ile kampeni ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria, ya Oktoba 2020? Tuma PR nne upate fulana. Miradi mingi ilifurika. Mtu anaongeza neno "amazing" kwenye README, anatuma. Mwingine anafuta nafasi moja, anatuma. Waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni mwezi ukiwa umeshaanza, mradi ukashiriki pale tu wenyewe wanapokubali. Mimi nilifunga takataka kama hizo usiku mpaka macho yakawa mekundu.

Nilichojifunza siyo kufunga mlango. Nilikuwa nimeweka lebo ya "good first issue", yaani kazi ya kuanzia mgeni, kwenye vitu kama "boresha nyaraka". Boresha vipi? Mtu kafanya nilichoandika! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwetu anakuja siku ya kwanza anaomba jembe mwenyewe, wewe unamwambia "lima" bila kumuonyesha shamba linaanzia wapi.

Siku hizi ishu yangu ya mgeni ina mambo haya: tatizo linaonekanaje ukiwa mtumiaji, faili gani la kuanzia na karibu na mstari gani, jaribio gani litageuka kijani ukimaliza, na nani wa kumuuliza. Kuiandika inanichukua nusu saa, na mara nyingine ningeirekebisha mwenyewe kwa dakika kumi. Naiacha kwa makusudi. Inauma, lakini naiacha.

Dokezo la bure: weka faili la CONTRIBUTING juu kabisa ya mradi au kwenye folda ya `.github`. Mtu akifungua ishu au PR, GitHub wenyewe wanamuonyesha kiungo chake. Usilizike ndani ya kurasa za wiki ya mradi ambayo hata wewe hukumbuki nywila yake.

---

Mzee wa Terminali

Nimekaa nimesoma yote. Sijageuka, bado naona kuna kudekeza. Lakini nimeingia kwenye huo mradi wa mleta mada kuangalia.

Mhasibu, kwa nini mgeni aliyekuja kurekebisha herufi kwenye ukurasa wa faini asimamishe PostgreSQL ndani ya Docker? Django inaanza na SQLite, hifadhidata ndogo inayokuja na Python, haihitaji seva wala kupakua kitu cha ziada. Weka SQLite iwe chaguo la msingi la kuanzia, PostgreSQL ibaki kwa atakayegusa ripoti nzito. Na kwenye kupakua msimbo waandikie `git clone --depth 1`, wapate hali ya sasa tu bila historia yote. Umeweka picha za vikao humo miaka yote, umezifuta lakini historia bado inazibeba. Hiyo nayo ilichangia kula bando la mtoto.

Huko siyo kudekeza. Ni uhandisi.

---

Siti ya Dirishani

Mzee kaja kugomba kaacha mchango. Nakazia.

---

Mhasibu wa Tabata

Nimekesha nayo. SQLite imekaa, Mzee heshima yako. Docker nimeishusha chini kabisa. Naweka hapa sehemu ya juu ilivyo sasa, muichane:

> Hii ni programu ya hesabu za kikoba. Inamsaidia mweka hazina kujua nani ana hisa ngapi, nani anadaiwa, na kila mtu atapata nini siku ya kuvunja kikoba.
>
> Wewe ni mweka hazina au mwanachama, huandiki programu? Tunakuhitaji zaidi ya unavyodhani. Tuambie kanuni ya kikoba chenu ambayo programu haiijui. Mfano: "Kwetu aliyefiwa halipi faini." Hiyo inatosha, ni mchango kamili.
>
> Unaandika programu? Hatua ziko tano. Zimejaribiwa kwenye Windows na Ubuntu, amri za kila mmoja ziko pembeni ya mwenzake. Kama tayari una Python na Git, utapakua chini ya MB 40.
>
> Chini ya kila hatua kuna mstari wa Utaona hivi. Usipoona hivyo, simama hapohapo. Usiendelee, na usidhani ni wewe. Fungua ishu ubandike kosa lilivyo.
>
> Najibu Jumanne na Ijumaa usiku. Wiki mbili zikipita bila jibu, nikumbushe bila kuomba radhi.

Mpwa ameshakuwa mzoefu, hafai tena kwa jaribio. Nahitaji mtu ambaye hajawahi kuuona. Binti wa Ubungo, una nafasi?

---

Binti wa Ubungo

Ninayo nusu saa kabla umeme wetu haujafanya yake. Naanza.

Hatua ya kwanza safi. Ya pili safi, na asante kwa kueleza cha kufanya PowerShell, terminali ya Windows, ikikataa kuendesha skripti, hapo ningepotea. Ya tatu safi.

Ya nne hapa. Umeandika: "Utaona hivi: Kikoba cha Mfano, wanachama 5." Mimi naona Kikoba kimekuja ila wanachama 0.

---

Mhasibu wa Tabata

Usifunge hiyo terminali. Uliendesha `python manage.py loaddata mfano` ya kujaza wale wanachama?

---

Binti wa Ubungo

Iko hatua ya ngapi?

---

Mhasibu wa Tabata

Subiri.

Haipo.

---

Siti ya Dirishani

Jina halijaja hilo dada. Usithibitishe.